Sarah Siddons: Mwigizaji aliyefundwa na barabara

Kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1737, Roger Kemble alikuwa mzururaji. Aliyeigiza tamthilia kwa malipo bila hati ya mfalme wala kibali cha serikali, katika mji ambao si kwao, aliwekwa fungu moja na walaghai na watu wasio na makazi maalumu. Kwa kazi ya Kemble, karibu kila mji ulikuwa ugenini. Alikuwa mtengeneza nywele kabla ya kupanda jukwaani, akamwoa Sarah Ward, binti wa mwenye kundi la maigizo, na baadaye akaongoza kundi lake mwenyewe katika miji ya magharibi ya Uingereza na mpakani mwa Wales. Julai 5, 1755, wakiwa Brecon nchini Wales, mkewe alijifungua mtoto wa kike katika nyumba ya wageni iliyoitwa Shoulder of Mutton. Mtoto akapewa jina la mama yake.

Haikutimia miaka 30, na binti huyo wa mzururaji alikuwa akiitwa kasri kumsomea Mfalme George wa Tatu na familia yake. Watu walisukumana mlangoni mwa ukumbi wa Drury Lane ili wamwone, na wachoraji wakubwa wa zama zile waliomba awakalie wamchore.

Maisha ya Sarah Siddons huwa yanasimuliwa kama kisa cha kipaji kilichodharauliwa, kisha wakubwa wakafumbuka macho. Ratiba zake zinasema vingine. London ilimwona mara ya kwanza akiwa na miaka 20, ikamkataa, na maelezo ya waliokuwepo yanaonyesha kwamba haikumwonea sana. Aliyerudi miaka sita baadaye alikuwa mwigizaji mwingine kabisa, na mabadiliko hayo yalifanyika mikoani, kwenye majukwaa ya miji ambayo wakubwa wa London hawakuihesabu.

Kulipia muziki, kuona tamthilia bure

Hati za kifalme za kuigiza tamthilia jijini London zilishikwa na majumba mawili, Drury Lane na Covent Garden. Makundi ya kuzunguka yaliishi kwa kutafuta mwanya. Mwanya uliozoeleka ulikuwa muziki, maana sheria haikumkataza mtu kulipia muziki. Tangazo la kundi la Kemble la Februari 12, 1767, mjini Worcester, liliwaalika wakazi kwenye tamasha la muziki lenye kiingilio. Katikati ya muziki wangeonyeshwa, bila malipo yoyote, tamthilia ya Mfalme Charles wa Kwanza. Hakimu mkorofi ingembidi kwanza athibitishe kwamba watu wale hawakuja kusikiliza fidla.

Katika onyesho hilo Sarah, mwenye miaka 11, aliigiza binti wa mfalme. Mdogo wake John Philip, aliyekuwa ametimiza miaka 10 mwezi huohuo, aliigiza mtoto wa kiume. Mwaka huohuo Sarah alikuwa Ariel, yule pepo wa hewani katika *The Tempest* ya Shakespeare, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1969 kwa jina la *Tufani*, tafsiri ya S. S. Mushi.

Jukwaa lenyewe alilipanda akiwa mdogo zaidi. Inasimuliwa kwamba siku moja watazamaji walinung'unika kuletewa mtoto badala ya mwigizaji. Mama yake hakumwondoa. Alimshika mkono, akamsogeza mbele hadi kwenye mwanga wa mishumaa, akamwamuru akariri hekaya ya wavulana na vyura. Mtoto akakariri hadi mwisho, na minong'ono ikageuka makofi.

Sarah alikuwa kifungua mimba wa watoto 12, na mahali walipozaliwa wadogo zake panaonyesha safari za wazazi: John Philip alizaliwa Prescot, Stephen akazaliwa Kington. Baba alikuwa Mkatoliki, mama Mprotestanti, wakapatana kwamba wavulana wafuate dini ya baba na wasichana ya mama. Masomo yalipatikana pale kundi lilipotua kwa muda. Katika shule moja ya Worcester wenzake walimtenga kwa kuwa ni mtoto wa waigizaji, hadi walipotaka kuandaa mchezo wao wenyewe. Hapo ikaonekana kwamba Sarah peke yake ndiye aliyejua kuigeuza karatasi ngumu ya kufungia sukari ikawa mgongo wa gauni la kifahari. Ufundi uliowafanya wamcheke ukawafanya wamhitaji.

Kijakazi aliyewafanya mabwana watake kusimama

Wazazi wake hawakutaka aolewe na mwigizaji. Lakini ndani ya kundi alikuwemo William Siddons, kijana wa Walsall aliyemzidi Sarah kwa takriban miaka 11, mwenye sura nzuri na kipaji cha wastani. Wazazi waliona afadhali mwenye mashamba mmoja wa Brecon aliyempenda binti yao, na William akaonyeshwa mlango. Kabla ya kuondoka alipewa onyesho la kumuaga, lile ambalo mapato yake humwendea mwigizaji mmoja. William akalitumia kuimba mbele ya watu wa Brecon wimbo alioutunga mwenyewe, akiwaeleza jinsi alivyonyang'anywa mchumba. Ukumbi ulifurahi. Alipotoka jukwaani Mama Kemble alikuwa akimngoja pembeni, akamzaba makofi.

Sarah akapelekwa kuwa kijakazi wa Lady Mary Greatheed huko Guy's Cliffe, karibu na Warwick. Alikaa kama miaka miwili. Jioni aliwasomea watumishi wenzake Shakespeare na Milton, na mara nyingine aliitwa sebuleni kuwasomea wenye nyumba. Mtoto wa Lady Mary alisimulia baadaye kwamba mama yake, kila kijakazi huyo alipoingia chumbani, alijikuta akitaka kunyanyuka kitini kama anayempisha mgeni wa heshima.

Wazazi walipoona binti habadiliki, wakakubali yaishe. Novemba 26, 1773, Sarah na William walifunga ndoa katika Kanisa la Holy Trinity mjini Coventry. Bibi harusi alikuwa na miaka 18. Mwaka uliofuata, Oktoba 4, alijifungua mtoto wao wa kwanza, Henry, mjini Wolverhampton. Kama mama yake, naye akaanza kuzaa njiani.

Mwaka huohuo wa 1774 wakawa Cheltenham, mji wa watu wenye nafasi waliokwenda kunywa maji ya chemchemi kwa ajili ya afya. Sarah alikuwa Belvidera katika *Venice Preserv'd* ya Thomas Otway. Aliambiwa kwamba kundi la vigogo limekuja makusudi kujichekea. Usiku ule akiwa jukwaani alisikia kutoka viti vyao sauti za ajabu, akaamini ni kejeli, akarudi nyumbani ameumia moyo. Kesho yake mmoja wa vigogo hao alimsimamisha William barabarani akamweleza: wanawake wa msafara wake walilia mno hata wameamka na maumivu ya kichwa. Mmoja wao, Henrietta Boyle, akawa rafiki wa Sarah na kumwazima mavazi ya jukwaani kutoka kabatini mwake.

Arobaini na wiki mbili

Habari za Cheltenham zilimfikia David Garrick, bwana wa Drury Lane na mwigizaji mashuhuri kuliko wote Uingereza. Agosti 1775 alimtuma Henry Bate, kasisi aliyekuwa pia mhariri wa gazeti la *Morning Post*, akamtazame. Bate alimwona katika *As You Like It*, akamsifu kwa Garrick uso na umbo, akaonya kwamba watu wa Covent Garden nao wanamnyemelea, na akataja jambo moja lililokuwa wazi kwa kila mwenye macho: mwigizaji huyo alikuwa mjamzito. Mtoto wa pili, Sally, alizaliwa Gloucester Novemba 5.

Desemba 29, 1775, Sarah alisimama Drury Lane kwa mara ya kwanza. Tangu ajifungue ilikuwa imepita arobaini na wiki mbili juu yake. Tangazo halikumtaja jina, lilisema tu kwamba ni binti mdogo. Aliigiza Portia katika *The Merchant of Venice*, tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kuwa *Mabepari wa Venisi*. Portia ni msichana tajiri, mcheshi, mwenye ulimi mkali, anayejivika joho la wakili na kumshinda Shylock kwa hoja. Waliokuwepo waliona mwanamke dhaifu aliyevaa gauni kuukuu lililopauka, akitetemeka, hajui asimame wapi, sauti ikimfifia kila afikapo mwisho wa sentensi. Katika mandhari ya mahakama alijikaza kidogo, lakini wakosoaji walikwisha kuamua.

Sauti iliyotosha kwenye kumbi ndogo za mikoani haikufika viti vya nyuma vya Drury Lane. Na ndani ya nyumba yenyewe alikuta vita. Garrick, aliyekuwa akijiandaa kustaafu, alikuwa amechoshwa na madai ya waigizaji wake wakubwa wa kike, akawa anampendelea mgeni waziwazi kuwakomoa. Alimpa nafasi ya Venus katika maonyesho ya *Jubilee*. Wakubwa wale walipojipanga makusudi mbele yake ili asionekane, Garrick alimshika mkono akamleta hadi ukingo wa jukwaa. Miguuni pake alikuwepo mvulana mdogo aliyeigiza Cupid, Thomas Dibdin, ambaye alikuja kuwa mwandishi wa tamthilia. Dibdin alikumbuka hata uzeeni jinsi Sarah alivyoinama na kumnong'oneza, akimwuliza anapenda peremende za aina gani, ili mtoto atabasamu wakati wa kutabasamu.

Garrick aliaga jukwaa Juni 10, 1776. Sarah alikwenda Birmingham kwa kazi ya kiangazi akiamini nafasi yake Drury Lane ipo. Badala yake alipokea barua fupi: uongozi mpya, chini ya Richard Brinsley Sheridan na wenzake, haumhitaji tena.

Miaka sita ya mikoani

Barua ile karibu imwangushe kabisa. Aliandika baadaye kwamba kwa mwaka mmoja na nusu watu walidhani anakwisha kwa ugonjwa. Lakini alikuwa na watoto wawili na mume ambaye kipato chake jukwaani kilikuwa kidogo kuliko cha Sarah, kwa hiyo kulala chini hakukuwezekana. Akaingia Manchester na Liverpool. Huko akawa rafiki wa Elizabeth Inchbald, mwigizaji ambaye baadaye alitambulika kwa riwaya na tamthilia zake. Mchana Sarah alifua na kupiga pasi nguo za familia, na kazi ikiisha aliwaimbia wenzake. Jioni alikuwa malkia, mjane au mchumba aliyesalitiwa, kadiri ya mchezo wa siku. Manchester alimwigiza hata Hamlet mwenyewe, mwanamke katika nafasi kubwa kuliko zote za wanaume.

Mwaka 1777 alikuwa York kwa Tate Wilkinson, aliyemiliki mzunguko wa kumbi za miji ya Yorkshire na aliyemwona dhaifu kiasi cha kuhofia kama ataumaliza mchezo. Mwaka 1778 akaajiriwa na John Palmer mjini Bath kwa pauni 3 kwa wiki.

Palmer alikuwa na hati za kifalme za kumbi mbili, Bath na Bristol, zilizoachana kwa takriban kilomita 20, na alizihudumia kwa kundi moja. Jumatatu asubuhi wanafanya mazoezi Bath, wanapanda magari ya farasi kwenda Bristol, wanaigiza, usiku wanarudi Bath kuigiza mchezo mwingine Jumanne. Palmer alizoea kupanga farasi wa kubadilisha na saa za kufika, na mwaka 1784 ndiye aliyeishawishi serikali ianzishe magari ya posta ya mwendo wa kasi kati ya Bristol na London. Kabla barua za Uingereza hazijafaidi magari yake, Sarah alikuwa ameshachoshwa nayo vya kutosha. Alieleza kwamba alikuwa akifika nyumbani usiku wa manane, na hapo ndipo alipoanza kukariri mchezo wa kesho.

Kukariri usiku kulikuwa kumeshampa somo moja la kudumu kabla ya Bath. Akiwa na miaka kama 20 alipewa nafasi ya Lady Macbeth, akaiahirisha hadi usiku wa kuamkia onyesho, maana maneno ni machache. Watu wa nyumbani wakalala. Alipofika penye mauaji ya mfalme hofu ikamshika, akanyakua mshumaa na kupanda ngazi mbio huku mchakacho wa gauni lake mwenyewe la hariri ukimtisha kama kuna anayemfuata. Chumbani hakuthubutu kuzima mshumaa, akalala na nguo alizovaa. Usiku wa pili alipanda jukwaani hajui vizuri maneno yake, na kwa maelezo yake mwenyewe, aibu ya siku ile ilimponya tabia ya kuahirisha.

Mjini Bath tamthilia za huzuni zilipangwa Alhamisi, usiku ambao watu wa hadhi walikwenda dansini. Alhamisi ndiyo aliyotupiwa Sarah. Haukupita muda, wenye hadhi wakawa wanaacha dansi na kuja kulia ukumbini. Bath ulikuwa mji ambao London nzima hupita kwa mapumziko, hivyo sifa zake zilirudi mji mkuu ndani ya mabegi ya wageni. Miongoni mwa waliomsemea kwa nguvu alikuwa Thomas Sheridan, baba wa bwana yuleyule ambaye uongozi wake ulimfuta kazi. Drury Lane ikamwita tena.

Mei 1782, katika onyesho lake la kuaga Bath, Sarah alikuwa ametangaza kwamba atawapa watazamaji sababu tatu za kuondoka. Mwishoni aliwaleta jukwaani mmoja mmoja: Henry, Sally na Maria. Mtoto mwingine alikuwa tumboni.

Usiku wa Oktoba 10

Alirudi na *Isabella*, tamthilia ya Thomas Southerne iliyorekebishwa na Garrick, kuhusu mjane maskini anayeolewa tena kwa ajili ya mtoto wake, kisha mume wa kwanza anarudi akiwa hai. Safari hii hakuficha sauti wala hakujilazimisha ucheshi usio wake. Mtoto wa Isabella aliigizwa na Henry, mwenye miaka minane. Katika mazoezi, mama alipoigiza kufa, kijana alilia kwa uchungu akidhani anaondokewa kweli.

Oktoba 10, 1782, Drury Lane ililia. Wanaume walitoa vitambaa, wanawake wakazimia, na makofi karibu yazuie mchezo kumalizika. Ukumbini alikuwepo mzee Roger Kemble. Baada ya onyesho Sarah, mumewe na baba yake walikula chakula cha usiku cha kawaida nyumbani, karibu bila kuzungumza. Sarah alikumbuka kwamba baba alikula kwa furaha, lakini mara kwa mara aliweka kisu na uma mezani, akairudisha nyuma mvi yake, na kuacha machozi yatiririke. Uongozi wa Drury Lane ukampa chumba cha kuvalia kilichokuwa cha Garrick.

Mafanikio hayakumtoa barabarani. Kiangazi cha 1783 alikuwa Dublin. Cha 1784, Edinburgh, ambako Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland ulilazimika kupanga mijadala yake mikubwa siku ambazo yeye haigizi, maana siku nyingine wachungaji vijana hawakuonekana. Ziara zilimletea fedha nyingi, na pia maneno. Oktoba 1784 alirudi London akakuta uvumi kwamba kule Dublin alikataa kumwigizia bure mwenzake mgonjwa. Watazamaji wakamzomea hadi John Philip akamwondoa jukwaani, na nyuma ya pazia akazimia. Alipozinduka alirudi mbele peke yake, akasema amesingiziwa, akaigiza mchezo mzima.

Februari 2, 1785, London ikamwona kama Lady Macbeth, nafasi ambayo Mushi aliileta kwa Kiswahili katika *Makbeth* ya mwaka 1968. Bath ilikuwa imeshaiona. Katika mandhari ya kutembea usingizini, desturi iliyoachwa na mwigizaji wa kabla yake, Hannah Pritchard, ilikuwa kushika mshumaa mkononi muda wote. Sarah alipanga kuuweka mezani. Sheridan alimfuata hadi chumba cha kuvalia usiku uleule kumsihi asithubutu. Jibu lake lilikuwa la mtu wa kazi: mwanamke anayejaribu kuosha damu anahitaji mikono miwili. Akauweka mshumaa, akaisugua mikono, na Sheridan akarudi kumpongeza kwa ukaidi wake.

Mwanamke wa 1775, aliyetetemeka na gauni lililopauka, asingeweza kumbishia bwana wa Drury Lane dakika chache kabla ya pazia kufunguliwa. Yule wa 1785 alikuwa ameshawajaribu watazamaji wa miji mingi, na alijua kipi kinawanyamazisha.

Aliaga jukwaa Juni 29, 1812, kwa nafasi hiyohiyo, na watazamaji wakakataa mchezo uendelee baada ya mandhari ya mshumaa. Alifariki Juni 8, 1831, akiwa amewazika watoto watano kati ya saba.

Jina lake lilipata kazi mpya mwaka 1950, filamu ya Marekani *All About Eve* ilipobuni tuzo ya waigizaji iitwayo Sarah Siddons. Tuzo haikuwepo. Miaka miwili baadaye wapenzi wa tamthilia wa Chicago waliianzisha kweli, kwa ajili ya waliong'ara kwenye majukwaa ya mji wao. Majukwaa makubwa ya Broadway yako New York, na waigizaji wengi mashuhuri hufika Chicago wakiwa ziarani, na masanduku yao. Waandaaji hawangeweza kumpatia mtoto wa Brecon mahali panapomfaa zaidi.